Ufa Umejitokeza Shavuni mwa Sanamu: Nizibe, Nibadili Mchoro, au Niache?

Swali la msomaji, kwa ufupi, ni hili. Anachonga sanamu ya mwanamke aliyeketi na mtoto mapajani, yenye kimo cha sentimeta 55, kutoka katika gogo zima la kipenyo cha sentimeta 28 lililokaa kivulini mwaka mmoja na nusu. Baada ya wiki tano za kazi, alipokuwa akilishusha shavu la kushoto, ulijitokeza mstari mweusi mwembamba kama unywele. Aliufuata kwa patasi ili aumalize, nao ukafunguka ukawa ufa unaoelekea sikioni. Siku iliyofuata akaona kwenye bega la upande uleule kitundu kinachotoa unga. Anauliza kama azibe kwa gundi na unga wa msumeno, kama abadili mchoro, au kama aitupe kazi yote. Tena anauliza kama angeweza kuyajua haya kabla hajaanza.

Ndugu msomaji,

Kwanza iweke patasi chini, na usiirudie kwa siku kadhaa. Kuufuata ufa kwa patasi ni jambo ambalo karibu kila mchongaji amewahi kulifanya, nami nimo, kwa sababu mkono huamini kwamba mwisho wa ufa uko milimita mbili tu mbele. Mara nyingi hauko. Kila pigo unaloliongeza huondoa mti mzima uliokuwa kando ya ufa, na mti huo ndio utakaouhitaji baadaye kwa ajili ya kiraka au kwa ajili ya kuisogeza sura. Shavu lako bado halijaharibika. Limepungua kidogo tu.

Jambo la pili ni kwamba unazo kasoro mbili zisizo na uhusiano wa lazima, na ungezitibu kwa dawa moja ungekosea angalau mara moja. Ufa ni habari ya mti na unyevu wake. Unga ni habari ya mdudu, au ya uozo. Kwa zote mbili, hata hivyo, swali la kuanzia ni lilelile, nalo ndilo ninalotaka ulishike kuliko maelezo mengine yote nitakayoyatoa: je, kasoro hii imetulia, au bado inatembea? Iliyotulia unaweza kuizibua, kuiziba, kuikata au kuichonga utakavyo. Inayotembea itaishinda gundi yoyote utakayoitia.

Tuanze na ule mstari mweusi, kwa kuwa mistari myeusi ndani ya mti si ya aina moja. Igeuze sanamu, uitazame sehemu ya chini, ambako nyuzi zimekatwa kwa kukingamwa na pete za ukuaji zinaonekana. Ukisafisha eneo hilo kwa wembe mkali, utaweza kukisia mstari wa shavuni unaelekea wapi ukilinganishwa na pete hizo. Ukiwa unatoka katikati ya gogo kwenda nje, kama spoki ya gurudumu, huo ni ufa wa ukaukaji. Ukiwa unafuata mzingo wa pete, yaani unazunguka badala ya kutoka nje, huo ni ufa wa duara, ambao kwa kawaida ulikuwamo mti ukiwa bado umesimama: upepo uliusukasuka, au jeraha la zamani liliacha pete mbili zisizoshikana vizuri. Mstari unaopinda huku na huko kama mto kwenye ramani, usiojali nyuzi wala pete, kwa kawaida ni mpaka uliochorwa na kuvu. Huo mara nyingi ni rangi tu, ila ujue kwamba mahali kuvu alipokaa mti unaweza kuwa umeanza kulainika. Na ukikuta kitu cha kahawia kinachomeguka kwa kucha katika vipande vyembamba, basi ni gome lililomezwa mti ulipokuwa ukifunika jeraha au pale tawi lilipobanana na shina. Gome lililomezwa halishikani na chochote. Naliogopa kuliko ufa, kwa sababu hujificha likiwa limejazwa na linaonekana kama mti mzima mpaka siku mkono wa sanamu unapodondoka.

Kuna jaribio dogo la kutofautisha ufa na rangi. Lowesha kitambaa kwa spiriti, pangusa shavu lote, kisha lisubiri likiwa mbele ya macho yako. Uso wa mti utapauka baada ya dakika moja au mbili, lakini ndani ya ufa spiriti hukawia kukauka, kwa hiyo mstari utabaki mweusi juu ya mbao iliyokwisha kupauka, na mara nyingi utaona unaendelea mbele kuliko ulivyodhani, sentimeta moja au mbili kupita mahali jicho lilipokuwa limeukomesha. Weka alama ya penseli kwenye ncha hiyo. Mpaka wa kuvu, kinyume chake, hukauka pamoja na majirani zake. Baada ya hapo chukua waya mwembamba sana, au ukanda wa karatasi ngumu, uuingize katika ufa bila kulazimisha, uweke alama ulipogota, uutoe na kuupima. Fanya hivyo mahali panne au patano na uandike vipimo kwenye mchoro wa sura. Kina cha milimita 6 na kina cha milimita 40 ni magonjwa mawili tofauti, ingawa kwa nje yanaonekana sawa.

Kwa maelezo uliyotoa, nadhani huo ni ufa wa ukaukaji, na sababu ni hesabu tu. Mti mbichi ukikauka hausinyai mpaka unyevu wake ushuke chini ya takriban asilimia 28 hadi 30. Maji yanayotoka kabla ya hapo ni yale yaliyokuwa yamejaa katika matundu. Kuanzia hapo kuta zenyewe za nyuzi hupoteza maji na mti huanza kusinyaa, lakini hausinyai sawasawa. Kwa urefu haupungui karibu chochote. Kuelekea katikati, miti mingi hupungua kama asilimia 4 ikikaushwa kabisa, na kwa kufuata mzingo wa pete hupungua kama mara mbili ya hapo. Gogo lako la kipenyo cha sentimeta 28 lina mzingo wa karibu sentimeta 88. Tofauti ya asilimia 4 kati ya mielekeo hiyo miwili, hata kama mti utakauka tu mpaka kiwango cha ndani ya nyumba na si kabisa, ina maana kwamba gogo lenye uboho (kile kiini laini cha katikati kabisa) ndani yake lazima litoe mwanya unaokaribia sentimeta 2 mahali fulani. Halina hiari. Linaweza kuutoa kwa ufa mmoja mkubwa au kwa nyufa nyingi ndogo, nje au ndani, ila litautoa.

Na ule wa ndani ndio wenye hila. Gogo likikauka kwa haraka, ganda la nje husinyaa na kukakamaa wakati ndani bado kumelowa. Baadaye zamu ya ndani inapofika, ndani hutaka kusinyaa lakini ganda limekwisha kuwa gumu na halifuati, kwa hiyo mti hupasuka katikati bila kuonyesha chochote kwa nje. Nyufa za namna hiyo huweza hata kujifunga nje zikabaki wazi ndani. Mchongaji akiondoa sentimeta tatu nne za ganda anazikuta zikimngoja, mara nyingi wakati ule ule anapofika kwenye sura, maana sura ndiyo huja mwisho.

Mwaka mmoja na nusu kivulini si haba kwa ubao, lakini kwa gogo zima ni kidogo. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila sentimeta 2.5 za unene, nayo ilitungwa kwa mbao zilizopasuliwa. Kwa hiyo nina hakika ya kutosha kwamba sanamu yako bado inatembea, na tena inatembea haraka zaidi tangu ulipoanza kuichonga, kwa sababu umeondoa ganda na kufungua sehemu nyingi za nyuzi zilizokatwa, ambako maji hutoka mara kumi na zaidi kuliko ubavuni.

Usiniamini kwa hili, pima. Chukua msumeno, ukate kipande kidogo kutoka sehemu ya chini utakayoiondoa baadaye, lakini kitoke ndani kuelekea katikati, si ukingoni palipokauka. Kipime mara moja kwa mizani inayosoma gramu. Kiweke katika jiko la kuokea lenye joto la nyuzi 103, ukitoe na kukipima kila baada ya saa chache mpaka uzito usibadilike tena. Toa uzito mkavu kutoka ule wa kwanza, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande kilichokuwa na gramu 48 na kikaishia gramu 40 kilikuwa na unyevu wa asilimia 20. Mbao iliyotulia ndani ya nyumba huwa kwenye asilimia 8 hadi 14 hivi, kutegemea hewa ya mahali. Ukipata 20, basi huo ufa haujafika mwisho wake, na gundi isikaribie shavu hilo kwa sasa.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na kichwa cha mzee, karibu cha ukubwa wa kichwa cha mtu, chenye ufa kwenye kisogo. Ilikuwa kiangazi, ufa umefunguka vizuri, ukiuomba moyo wangu uuzibe, nami nikaujaza epoksi ngumu mpaka chini, nikapiga msasa, nikapaka nta, nikafurahi. Mvua ziliponyesha mti ukavimba ukataka kuufunga mwanya wake, lakini mwanya ulikuwa na kabari ya jiwe ndani yake. Ufa mpya ulitokea kwenye paji la uso, umenyooka kutoka nywele mpaka kati ya nyusi. Ule wa kisogoni hakuna mtu angeuona.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuipunguzia sanamu mwendo, kisha kuiondolea sababu ya kupasuka. Kuipunguzia mwendo ni rahisi: izungushie karatasi ya magazeti tabaka kadhaa, uitie ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na maranda yaliyotoka kwenye mti huohuo, na uuache mdomo wa mfuko wazi kidogo. Kila siku ugeuze mfuko nje ndani ili umande uliojikusanya ukauke, la sivyo ukungu utaota kwenye karatasi na kuhamia mtini. Ncha ya ufa na nyuzi zote zilizokatwa utosini na chini zipake nta. Ipime sanamu nzima kila baada ya siku tatu, andika uzito na tarehe.

Kuiondolea sababu ni kuichimba kwa ndani. Wachongaji wa kusini mwa Ujerumani, mmojawapo akiwa Tilman Riemenschneider aliyefariki mwaka 1531, walizichimba kwa nyuma sanamu zao nyingi za mti mlaini zilizokusudiwa kusimama zimeegemea altare, wakauondoa uboho na kuacha ganda la unene unaolingana. Wajapani walikwenda mbali zaidi: sanamu ya Buddha aitwaye Amida iliyokamilishwa na mchongaji Jōchō mwaka 1053 kwa ajili ya hekalu la Byōdō-in huko Uji, ambayo ina kimo cha karibu mita 3, imeungwa kwa vipande vingi vilivyochimbwa ndani. Hawakufanya hivyo kwa ajili ya kupunguza uzito peke yake. Mti usio na katikati hauna cha kuuzuia kusinyaa, kwa hiyo husinyaa pasipo kupasuka, au hupasuka kidogo tu.

Sanamu yako ya mtu aliyeketi inafaa sana kwa jambo hilo, kwa kuwa kiwiliwili ni kinene na sehemu ya chini haionekani. Ilaze kwenye kitanda cha maranda, uifunge isibiringike, na kwa keekee yenye biti (chuma cha kutobolea) pana ya milimita 25 hivi utoboe kutoka chini ukifuata uboho mpaka usawa wa kifua. Kabla ya kuanza funga utepe kwenye biti pale inapotakiwa kukoma. Panua tundu kwa kutoboa mengine kandokando, kisha safisha kwa patasi ya mviringo yenye mpini mrefu, ukiacha unene wa sentimeta 4 au 5 pande zote. Angalia hasa usawa wa kiuno na mahali mtoto alipoegemea, maana hapo kwa nje umeshaondoa mti mwingi na ukisahau utatokea upande wa pili. Kichwani huwezi kufika kwa njia hiyo, nami sikushauri utoboe kupitia shingoni. Hata hivyo, mvutano utakaoutoa kifuani utapungua shingoni pia.

Sasa kitundu cha begani. Pangusa unga wote, weka karatasi nyeusi chini ya bega, gonga taratibu kwa mpini wa patasi, utazame kilichoanguka, kisha iache karatasi hapohapo kwa wiki moja. Unga laini kama wa kujipodoa, wenye rangi ya mti uliokatwa leo, ni wa bungua walioko kazini. Hao hupenda ile mbao nyeupe ya nje kwa ajili ya wanga uliomo, na bega lako, kwa vipimo ulivyonipa, liko karibu na gome. Punje ndogondogo ngumu kama mbegu, zenye pande sita ukizitazama kwa kioo cha kukuzia, ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Unga wa kijivu uliogandamana, na kingo za tundu zilizopoteza ukali, vinaonyesha kwamba mdudu aliondoka zamani. Na kama hakuna unga bali mti wenyewe unamomonyoka kwa vipande vya kahawia vyenye umbo la mchemraba, hapo hapana mdudu. Ni uozo, na unapaswa kuukata mpaka ufike kwenye mti unaopinga patasi.

Karatasi ikibaki safi, kitundu ni cha kihistoria, kijaze baadaye kwa kijiti cha mti huohuo. Ikipata unga mpya, jambo la kwanza ni kujiuliza kama ile mbao nyeupe ya nje inahitajika hata kidogo. Mara nyingi bega linaweza kushuka milimita tano na kuondoka na wapangaji wake wote. Wakiwa wameingia ndani zaidi, njia ya usalama ni baridi: sanamu ikishakauka, ifunge ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, iweke katika friza yenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima, itoe, iache ndani ya plastiki yake mpaka ilingane na joto la chumba, kisha irudishe kwa wiki nyingine ili walionusurika au mayai yasipate nafasi. Joto nalo huua. Kiwango kinachotumika duniani kwa mbao za masanduku ya mizigo ni nyuzi 56 katikati ya mbao kwa dakika 30. Lakini sanduku halina shavu. Ukiipasha moto sanamu nene yenye ufa unaotembea, utaua bungua na sanamu pamoja nao.

Tuseme sasa wiki zimepita, uzito umesimama, ufa umekaa. Hapo ndipo swali lako la kuziba au kubadili linapopata maana.

Unga wa msumeno na gundi nauruhusu kwa vitundu vya ncha ya sindano na kwa mahali pasipotazamwa. Usoni nakukataza. Ule mchanganyiko hauna nyuzi, huinywa nta na mafuta tofauti na mti ulio kando yake, na karibu siku zote huishia kuwa mweusi zaidi ya ulivyoonekana ulipokuwa mkavu. Jicho la mtazamaji linaweza kusamehe mstari mgongoni au kwenye vazi, lakini usoni husoma kila kitu kama maana: mstari unaotoka shavuni kwenda sikioni utakuwa kovu, au chozi, nawe hukukusudia lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo unazo njia mbili za kweli. Ya kwanza, ninayoipenda kwa kesi yako ikiwa waya ulikupa kina kisichozidi milimita 8 hivi, ni kuisukuma sura nyuma. Bado hujachonga macho wala midomo. Shavu ni umbo la jumla tu. Chora upande wa kichwa kwenye karatasi kwa ukubwa uleule, kisha juu yake chora tena paji, pua, shavu na kidevu vikiwa vimerudi nyuma kwa kina cha ufa pamoja na milimita mbili za akiba. Uangalie uhusiano wake na kisogo na kifua. Kichwa kitakuwa kimepungua, kwa hiyo pengine itakubidi upunguze na utosi, na uinamishe shingo kidogo kumwelekea mtoto, jambo ambalo kwa mwanamke aliyempakata mtoto halidhuru hata chembe. Wachongaji wengi huogopa hatua hii kwa sababu inagusa kila kitu, lakini mti ulioondolewa pande zote kwa uwiano hauachi alama kwamba kulikuwa na tatizo. Kulikata shavu la kushoto peke yake, ndilo kosa litakaloonekana maisha yote.

Watakuambia wengine uufiche ufa chini ya pindo la ushungi. Kama vazi lina mapindo tayari na moja linaweza kusogea, sawa. Kama kichwa ni cha wazi na utabuni pindo moja kwa ajili ya ufa mmoja, pindo hilo litaonekana kigeni kuliko ufa wenyewe.

Njia ya pili ni kiraka cha mti. Kwa ufa wenye kina kirefu ndiyo njia pekee ya haki, na inahitaji yale mabaki uliyoyatupa wiki ya kwanza. Natumaini hukuyafanya kuni. Tafuta kati yao kipande chenye rangi ileile na pete zenye nafasi zilezile. Fungua kingo za ufa kwa kisu chembamba au bledi ya msumeno wa chuma mpaka ziwe safi na zinyooke, pana kidogo juu kuliko chini. Kutoka katika kile kipande chonga kabari nyembamba, ndefu kuliko ufa, nyuzi zake zikienda upande uleule zinakokwenda nyuzi za shavu. Hilo ni muhimu kuliko rangi, kwa kuwa rangi hufifia na mwelekeo wa nyuzi hubaki uking'aa tofauti milele. Ipunguze kwa msasa uliobandikwa kwenye ubao bapa, ukiijaribu tena na tena bila gundi, mpaka iingie kwa kusukumwa na kidole gumba na kusimama yenyewe. Isiingie kwa nyundo, maana hapo utakuwa umerudia kosa langu la kisogoni kwa njia nyingine. Gundi nyeupe ya mbao inatosha kwa miti mingi. Miti yenye mafuta mengi, kama msaji na mpingo, uipanguse kwanza kwa asetoni na utumie epoksi mara baada ya kupangusa. Acha kabari ijitokeze juu ya shavu, subiri siku nzima, kisha uichonge pamoja na shavu kwa patasi kali kutoka kwenye kabari kuelekea kwenye mti, si kinyume chake, isije ikanyanyuka.

Gundi ile nyembamba inayoshika papo hapo ina kazi moja humu: kuimarisha ncha ya ufa, pale ulipo mwembamba kiasi kwamba kabari haiingii, na kushikisha sehemu iliyoanza kumeguka. Tone moja hujivuta ndani lenyewe. Doa lake halitoki, kwa hiyo paka kwanza vanishi nyepesi kando ya ufa.

Ukikuta kwamba niliyoyadhani si kweli na ufa ni wa duara, yaani unafuata pete, hukumu inabadilika. Ufa wa namna hiyo mara nyingi huendelea kwa urefu wa gogo, kupita shingo mpaka kifuani, na kuujaza kwa juu ni kupaka rangi mlango uliotoka bawabani. Gonga kichwa kwa fundo la kidole pande zote mbili za mstari: upande mmoja ukilia kwa sauti kavu yenye mwangwi na mwingine ukalia kama chungu kilichopasuka, pana utupu kati yao. Hapo usiubembeleze. Tia kabari nyembamba za mti mahali pawili na ufungue ufa wote mpaka kipande kiachane, piga mswaki pande zote mbili, pangusa, tia gundi kote, rudisha na ubane kwa mipira ya baiskeli iliyokatwa, ambayo hufuata umbo la kichwa kuliko kibano chochote cha chuma. Kiungo kilichofunguliwa chote na kugundishwa chote kitakuwa na nguvu kuliko ufa uliozibwa mdomo. Nitaiacha kazi pale tu ambapo ufa unakata shingo kwa kukingama na mti wa ndani umeoza, kwa sababu hapo hakuna kilichobaki cha kushikilia kichwa.

Kuhusu kujua mapema, mengi yanajulikana, si yote. Kata ncha za gogo angalau sentimeta 10 kabla ya kulitazama, kwa kuwa nyufa za ncha huwa hazisemi lolote kuhusu ndani. Kwenye uso mpya fanya lile jaribio la spiriti. Kisha kata kisahani chembamba kama nusu sentimeta, kikunje kwa mikono: kitavunjikia kwenye ufa uliofichika, si pale unapokibana. Gome lenye vinundu au makovu yaliyozibika linaficha mafundo ya matawi. Mifereji ya gome inayozunguka shina kama kamba inasema nyuzi nazo zimesokotwa, na gogo hilo litajipinda likikauka. Doa la buluu nyeusi kwenye mti wenye tanini nyingi, ile dutu inayogeuka nyeusi ikigusana na chuma, ni msumari ulioko karibu. Mvule una desturi ya kuficha mawe meupe ya chokaa ambayo huvunja makali ya patasi, na mpingo mara nyingi huwa na mashimo katikati hata gogo likiwa zuri kwa nje.

Kinachosaidia kuliko uchunguzi wote ni mpangilio wa kazi. Pasua gogo katikati kabla ya kulikausha, uuondoe uboho, uuweke uso wa sanamu upande ambao hauko juu ya uboho. Kisha, unapochonga, ishushe sanamu yote kwa pamoja, na zile sehemu za ndani kabisa, kama nafasi kati ya mikono na kifua au chini ya kidevu, zifikie mapema ukiwa bado na mti wa ziada kila upande. Ukiwa na sentimeta mbili za akiba kuzunguka sura, ufa ni habari ya kukusogeza kidogo kushoto. Wewe ulikuwa umebakiwa na ngapi?

Kwa wiki hii, basi: karatasi nyeusi chini ya bega, nta kwenye ncha ya ufa, kile kipande kidogo jikoni, na sanamu ndani ya mfuko wake. Chora kwa penseli mistari miwili inayokingama ufa, mmoja shavuni na mmoja karibu na sikio, upime upana wa ufa kwenye mistari hiyo kila unapopima uzito. Vipimo vikikaa vilevile kwa wiki tatu mfululizo, toboa chini kwanza, subiri tena siku kumi, na ndipo uiguse sura.